Mwanangu amepewa nafasi ya gavana kwa sababu ya ngozi yake

Yaya, mkubwa wetu unayejibu barua, jambo sana.

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina watoto wanne, na anayeninyima usingizi ni wa pili, mvulana wa miaka 16, yuko mwaka wa nne wa humanite, yaani sekondari. Alizaliwa na ualbino. Mimi na baba yake ni weusi, ndugu zake ni weusi, na tangu anaanza kutembea jina lake barabarani ni moja tu: Muzungu. Tulizoea, au niseme tulijifanya tumezoea.

Shule yao inatayarisha mchezo wa kuigiza wa mwezi wa kumi na mbili, kukumbuka mgomo wa mwaka 1941 wa wafanyakazi wa Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji, wale waliopigwa risasi kwenye kiwanja cha mpira. Mwalimu wa historia ameuandika yeye mwenyewe. Siku ya kugawa nafasi hakuwapa watoto karatasi wasome. Alizungusha macho darasani, akamwona mwanangu, akasema kwa Kifaransa mbele ya wote kwamba yule gavana mzungu amekwisha kupatikana na wala hahitaji kupakwa kitu. Darasa likacheka. Mwanangu naye akacheka.

Alirudi nyumbani anaruka, Yaya. Ujue kwamba mtoto huyu hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Mpira hachezi kwa sababu ya jua na macho. Kwenye kwaya walimpanga nyuma kabisa. Sasa amepewa nafasi ya mkubwa, yenye maneno mengi! Alikariri yote kwa siku tatu, akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, mikono nyuma kama bwana.

Wiki iliyofuata mambo yakageuka. Watoto wa avenyu yetu, hata wasiosoma shule ile, wameanza kumwita Maron, jina la yule gavana. Akienda kununua mkate wanapiga kelele, "Maron eko anapita, mukimbie!" Kadogo ka jirani kakamwambia usoni, "We njo uliua bantu," yaani yeye ndiye aliyeua watu. Alipofika nyumbani hakula. Usiku akaniuliza, "Mama, kama si ngozi yangu, mwalimu angenichagua?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia ale kwanza.

Jambo lingine linauma upande wa mama yangu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, na siku ile alikuwa kiwanjani. Alitoka mzima, lakini rafiki yake wa chumba kimoja kambini hakutoka. Mama aliposikia habari ya igizo aliniambia, "Babu yake alikimbia risasi, leo mjukuu njo anapiga?" Tangu hapo hataki hata kulizungumza.

Mume wangu anasema nimwache mtoto, ameheshimiwa, nisimharibie. Mimi nataka kwenda kumtoa. Kinachonichoma zaidi ni hiki: kijana atakayecheza mkurugenzi wa Union Minière ni mweusi, naye watampaka poda uso mzima. Kumbe kupaka wanajua! Basi kwa nini wangu lazima awe vile alivyozaliwa?

Zimebaki wiki tatu. Nimtoe?

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba, jambo sana.

Usimtoe. Si sasa, na si kabla hujakaa naye. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja, kwenye lile swali la usiku. Mtoto wa miaka 16 anayeuliza vile jibu analo tayari. Alilipata siku ile ile darasani, akalificha chini ya kicheko. Anachotaka kujua ni kama wewe utamwambia ukweli au utamfunika blanketi.

Mwambie. Mwambie kwa maneno machache, mkiwa wawili: "Mwalimu alitazama ngozi yako, hakusikiliza sauti yako. Alikosea. Nitakwenda kumwomba akusikilize." Kisha umuulize anachotaka yeye, nawe unyamaze mpaka amalize. Ninavyoelewa barua yako, yeye hakufurahia kuwa gavana. Alifurahia kuwa mbele, kuwa na maneno, kusikilizwa na ukumbi mzima. Ukimtoa leo unamwondolea kitu hicho cha kwanza alichowahi kupewa, na wale wa kwenye avenyu hawataacha jina lao. Wataongeza kwamba alikimbia.

Hapo nakubaliana na mume wako. Sikubaliani naye kwamba mtoto ameheshimiwa. Kuheshimiwa kungeanza kwa karatasi mkononi na wenzake kumi wakisoma maneno yale yale.

Sasa twende kwa mwalimu. Simjui, na kwa jinsi ulivyosimulia sidhani kama ni mtu mbaya. Mwalimu anayekaa usiku akaandika igizo juu ya mwaka 1941, bila mtu kumlipa, ana moyo. Kwa hiyo mfuate kwa njia ya historia, maana ndiyo anayoipenda, na historia yenyewe iko upande wako.

Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940, na Kongo ndiyo iliyokuwa ikilisha vita: shaba ya Katanga, bati, urani ya Shinkolobwe. Kazi ziliongezeka, bei za vitu zikapanda, mshahara wa mtu mweusi ukabaki nyuma. Mwaka 1941 wafanyakazi wazungu walidai nyongeza. Mwanzoni mwa Desemba weusi nao wakaacha kazi, kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na hapa kwetu Élisabethville. Tarehe 9 wagomaji walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Gavana Amour Maron akafika kuwaamuru warudi kazini, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akakataa. Wazee wa kambi walisimulia kwamba gavana alitoa bastola akampiga Mpoyi kwa mkono wake mwenyewe. Kisha askari wakafyatua risasi kwenye umati, makumi ya watu wakafa.

Hao askari walikuwa nani, Mama? Walikuwa wa Force Publique, jeshi la koloni: Waafrika, wana wa nchi hii, chini ya maofisa wazungu. Muulize mwalimu, kwa heshima, hao watachezwa na nani na watapewa maneno gani. Kama igizo linaweka ubaya wote juu ya mtoto mmoja mweupe, na wenye bunduki wanasimama nyuma bila uso na bila jina, basi igizo limepunguza historia. Mtoto wa jirani anayemwambia mwanao "we njo uliua bantu" ameelewa hivyo hivyo alivyofundishwa: kwamba ubaya una rangi, na ukiiona rangi umemwona mwenye kosa.

Wachoraji wa mji huu walilijua jambo hili zamani. Wewe na mimi tumekua tukiiona ile picha ya Colonie belge kwenye sebule za watu. Mfungwa amelazwa chini, fimbo iko juu, na mkono ulioshika fimbo ni mweusi. Mzungu amesimama pembeni na kaske yake, ile kofia ngumu ya wakoloni, anatazama. Tshibumba Kanda Matulu, ambaye miaka ya 1970 alichora historia yote ya nchi hapa hapa Lubumbashi, alichora pia mauaji haya ya Union Minière. Katika picha za namna hiyo mkoloni unamtambua kwa kaske na mavazi yake kabla hujatazama uso. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi picha mojawapo, kazi yake nusu itakuwa imefanyika.

Hapo ndipo ombi lako lilipo. Kaske inatosha. Jukwaani anayevaa kaske nyeupe ndiye gavana, na akiivua si gavana tena. Hakuna haja ya ngozi ya mwanao, wala ya poda kwa yule wa mkurugenzi, ambayo kwa joto la Desemba itatiririka hadi shingoni kabla ya onyesho la pili. Kaske moja, koti moja. Zaidi ya hapo, mwalimu anaweza kuigawa nafasi ya gavana kwa watoto watatu: mmoja ofisini anaposoma ripoti, mwingine anapozungumza na wakuu wa kampuni, wa tatu kiwanjani. Kaske inatoka kichwa kimoja inakwenda kingine mbele ya watu. Nimeona michezo ya shule ikichezwa hivyo, na ukumbi unaelewa mara moja, hata watoto wadogo. Wanaanza kuifuata kaske kwa macho, wanaiogopa kaske yenyewe.

Nakuambia haya nikimkumbuka kijana mmoja wa parokia yetu aliyecheza Yuda siku ya Ijumaa Kuu. Waumini walimzomea barabarani, watoto wakamwita Yuda mpaka amemaliza shule. Iliumiza, lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho mwanao hana: alivua kanzu, akanawa uso, akawa mtu mwingine. Watoto wote wa igizo la shule ya mwanao watavua kitu tarehe ya onyesho. Yule wa mkurugenzi atanawa poda. Mwanao, kama nafasi yake ni ngozi yake, atavua nini? Mwambie mwalimu sentensi hiyo moja, bila hasira. Ukiweza kusema moja tu, sema hiyo.

Kisha umwombe kitu ambacho hakigharimu hata franka. Atundike pazia, au shuka, mbele ya darasa. Kila anayetaka nafasi ya gavana, na kila anayetaka nafasi ya Mpoyi, asome akiwa nyuma ya pazia. Darasa lisikilize tu, lichague sauti. Inachukua saa moja. Wiki tatu zinatosha, hasa kwa mtoto aliyekariri kila kitu kwa siku tatu. Mwanao asome zote mbili. Akichaguliwa kuwa gavana kwa sauti yake, nafasi ni yake kwa haki, na lile swali la usiku atapata jibu lake bila wewe kumpa. Akichaguliwa kuwa Mpoyi, nani atamkatalia? Wakisema Mpoyi alikuwa mweusi, wajibu kwa poda yao wenyewe: kama mtoto mweusi anaweza kuwa mkurugenzi mzungu, mtoto mwenye ualbino anaweza kuwa Mpoyi. Naye ni mweusi, Mama. Ni Mkongomani mweusi asiye na rangi kwenye ngozi. Hilo nalo mwalimu wa biolojia anaweza kulieleza shuleni kwa dakika kumi: melanini ni nini, na kwa nini wazazi weusi wawili wanaweza kumzaa mtoto kama huyu bila mkosi wala dhambi ya mtu.

Inawezekana pia kwamba atataka kubaki gavana peke yake, na mwalimu akakubali. Mimi nisingemzuia. Kucheza mtu mbaya si aibu, tena mara nyingi ndiyo nafasi ngumu kuliko zote, na mtoto anayejua kwa nini anaicheza anaweza kuibeba. Ila hapo shule nayo ina kazi yake. Majina ya igizo yabaki jukwaani. Kila mazoezi yakiisha, kaske iwekwe mezani na kila mmoja aseme jina lake mwenyewe kwa sauti kabla ya kutoka. Si mchezo wa kitoto. Waigizaji wakubwa nao wana namna zao za kumwacha mtu waliyemcheza. Siku ya onyesho, watu wakipiga makofi, kila mtoto aje mbele bila kofia, atajwe kwa jina alilopewa na wazazi wake. Baba yake awepo. Na majirani wa avenyu, hasa wale wenye watoto wenye mdomo, uwaalike wewe mwenyewe. Nenda nyumba kwa nyumba. Wakimsikia akitajwa kwa jina lake mbele ya ukumbi, na wakaona kaske imebaki mezani, "Maron" litakosa nguvu zake nyingi.

Juu ya mama yako. Maneno yake yalikuchoma, lakini mimi nayasoma hivi: amebeba kitu cha baba yake zaidi ya miaka hamsini na hajapata wa kumpa. Mpeleke mtoto kwake siku ya Jumapili. Asiende kumwomba ruhusa, aende kumuuliza. Babu alisimama upande gani wa kiwanja? Alipitia wapi kutoka? Rafiki yake aliitwa nani, alitoka kijiji gani? Mtoto aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili kile kile cha bibi, bila kukinyoosha. Hapa Lubumbashi mwaka 2000 wanahistoria wa chuo kikuu walianza kukusanya kumbukumbu za watu wa mji katika kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi, kwa hiyo mwalimu anajua thamani ya karatasi kama hiyo. Siku atakayoingia mazoezini nayo, atakuwa mtoto pekee mwenye babu aliyekuwepo. Na kama jina la yule rafiki wa chumba kimoja linakumbukwa, liingie kwenye igizo. Mpoyi anatajwa kwenye vitabu, lakini wengi waliokufa naye hawatajwi popote.

Hapo niongeze kitu ambacho hukuniuliza. Kama igizo lote ni Kifaransa, mama yako atakaa ukumbini asikie nusu. Gavana na wakuu wa kampuni waseme Kifaransa, sawa. Lakini wagomaji na wake zao wa kambini waseme Kiswahili cha hapa. Ndicho kilichotumika kazini na nyumbani, na kundi la Mufwankolo lilitufundisha kitambo kwamba tiatre ya Kiswahili cha Lubumbashi inaweza kusema mambo mazito. Mkuu wa shule akisema ni mitihani, ni lugha ya masomo, mwambie wazazi nao ni wageni waalikwa.

Risasi zenyewe, sipendi bastola ya plastiki. Watoto watacheka, na kicheko pale ni dhambi. Mtu mmoja apige bati kubwa nyuma ya pazia, mara moja, watu wote jukwaani wasimame bila kutikisika, kisha waketi chini mmoja mmoja. Bila damu. Bila kuanguka kwa sinema.

Mambo ya mwili usiyasahau katika kukimbizana huku. Mazoezi yao yako wapi? Kama ni uwanjani chini ya jua la saa saba, omba yahamie darasani au yasogezwe jioni, na siku zote awe na mikono mirefu, kofia, na mafuta ya kukinga jua mkipata. Mawingu ya masika yasikudanganye, jua linapita. Macho yake: mwambie mwalimu waziwazi kwamba haoni mbali na kwamba mwanga mkali unamuumiza, maana watoto wenye ualbino wengi huficha hilo na walimu hudhani ni uvivu. Taa ya jukwaa isimpige usoni, imulike kutoka pembeni. Wabandike utepe mweupe sakafuni kuonyesha ukingo wa jukwaa, asije akaanguka mbele za watu. Afanye mazoezi ya kutembea pale mara nyingi na taa zikiwa zimewaka. Na karatasi ya maneno aandikiwe kwa herufi kubwa. Kama shule haina mashine, iandike wewe leo usiku kwa kalamu nene, kurasa za kati za daftari, mstari mmoja wa gavana na mstari mmoja wa Mpoyi, ili asubuhi awe na zote mbili mkononi.

Unitumie habari baada ya tarehe 9, Mama. Niambie aliitwa kwa jina gani.